Je, wajua kwa nini kilomita chache za ufuoni zaweza kuchosha kuliko mlima?

Kila anayepanga matembezi ya kikundi hapa Mombasa huulizwa swali moja kabla hata ya nauli: "Ni mbali?" Wengi wetu hujibu kwa kilomita. Nami nilijibu hivyo nilipowapeleka majirani zangu wa Majengo kuona maporomoko ya Sheldrick, kule Shimba Hills, Kwale. "Ni kama kilomita mbili kwenda na mbili kurudi," niliwaambia. "Ni rahisi."

Njia ile huteremka. Tulishuka tukipiga soga, askari wa wanyamapori ametangulia kwa sababu ya ndovu, watoto wakiuliza kama watamwona palahala. Tukafika, tukaoga chini ya maji yanayoanguka mita 21. Kisha ikaja saa ya kurudi. Jua limesimama utosini, chupa za maji zimebaki nusu, na ule mteremko wa asubuhi sasa ni mlima. Mama mmoja mtu mzima alipokaa juu ya jiwe mara ya tatu alinitazama akasema: "Mwanangu, watwambia maporomoko. Mbona hukutwambia mlima?"

Tangu siku ile nimekuwa nikitafuta jibu la kweli la swali lake. Ugumu wa matembezi hupimwaje, na kwa nini neno "rahisi" huwaponza watu?

Waliotangulia kuupima ni watu wa milima. Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alitoa kanuni inayotumika mpaka leo. Kwa vipimo vya sasa inasema: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa nzima kwa kila mita 600 unazopanda. Kwa hiyo kilomita 10 zenye kupanda mita 600 ni saa tatu, wala si mbili, na hapo mtu hajapumzika, hajala, hajapiga picha hata moja. Naismith alikuwa akiwahesabia watu wenye miguu ya mazoezi. Mtoto wa miaka saba na nyanya yake hawamo katika hesabu hiyo.

Wengine wamekwenda mbele zaidi. Hifadhi ya Shenandoah, huko Virginia, Marekani, hupanga njia zake kwa hesabu hii: chukua futi unazopanda, zidisha kwa mbili, zidisha tena kwa maili za njia nzima, halafu tafuta kipeuo cha pili cha jibu, yaani namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hurudisha jibu hilo. Ukipata chini ya 50, njia ni nyepesi kabisa. Kati ya 50 na 100 ni ya wastani, na ikipita 200 ni ngumu mno. Njia ya maili 4 yenye kupanda futi 1,000 hupata kama 89.

Sasa ilete hesabu hiyo nyumbani. Tuseme tunatembea maili 6 za ufuo, karibu kilomita 10, kutoka Nyali kuelekea Shanzu. Kupanda kwake hakufiki popote, tukadirie futi 10. Jibu linakuwa 11. Hesabu inaiita njia nyepesi kabisa. Lakini yeyote aliyewahi kuitembea mwezi wa Machi saa saba mchana anajua kuwa haikuwa nyepesi. Si kwamba Wamarekani wamekosea. Walipima kile kinachowazuia wao, nacho ni kimo. Kinachotuzuia sisi watu wa Pwani hakimo katika ramani ya vimo.

Kwanza ni mchanga wenyewe. Watafiti waliopima pumzi za watu wakitembea wamekuta kwamba mchanga mkavu laini humla mtu nguvu mara mbili na zaidi ya zile anazotumia kwenye ardhi ngumu, kwa mwendo uleule. Kila hatua mguu unazama, na nguvu uliyoisukumia chini inapotea katika kuusogeza mchanga. Ndiyo maana wazee hutembea pale maji yalipotoka kupwa, penye mchanga ulioshikana. Maji yakijaa, ule ukanda mgumu hufunikwa na kikundi chote husukumwa juu kwenye mchanga laini. Njia ni ileile na kilomita ni zilezile, ila kazi imekuwa maradufu.

Pili ni hari. Mwili hujipoza kwa jasho, lakini jasho halipozi kwa kutoka tu. Hupoza linapokauka na kuondoka na joto. Hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi, kwa hiyo jasho hutiririka mgongoni likaishia kwenye nguo bila kufanya kazi yake. Machi joto la mchana hufika nyuzi 32 au 33, na Julai hushuka hadi kama 28. Nyuzi hizo nne au tano hazionekani nyingi ukizisoma, ila kwa mtu wa makamo mwenye presha ndizo zinazotenganisha matembezi na safari ya hospitali. Tena pwani ina hadaa yake, kwa kuwa upepo wa bahari humfanya mtu asihisi jinsi jua linavyomchoma.

Tatu ni maji, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu sijaona matembezi yanayopuuzwa ugumu wake kama yale ya kwenda kwenye mwamba wakati wa kupwa. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa Mombasa hupita mita 3. Maji huchukua kama saa sita kupanda, lakini hayapandi sawasawa. Mabaharia wana hesabu yao: gawanya kimo chote mafungu kumi na mawili. Saa ya kwanza maji hupanda fungu moja, saa ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, na ya sita moja. Maji yakiwa na mita 3.6 za kupanda, saa ya kwanza huongeza sentimita 30 tu, hata mtu hashtuki. Saa ya tatu peke yake huongeza sentimita 90. Hizo zinamfika mtu mzima kiunoni, na mtoto kifuani.

Kuna jambo jingine wageni hawalijui. Maji hayaji kutoka mbele tu, pale mawimbi yanapovunjika. Hujaza kwanza mabonde yaliyo kati yako na ufuo, nyuma ya mgongo wako, wakati wewe bado umesimama pakavu ukiwaonyesha watoto kiti cha pweza.

Na Mombasa, siku za bamvua, maji hupwa kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi. Hesabu mwenyewe. Yakianza kurudi saa nne na nusu, saa ya tatu na ya nne za kujaa zinaangukia kati ya saa sita na nusu na saa nane na nusu mchana. Yaani maji yanakimbia kwa kasi yake kubwa katika saa zilezile ambazo jua ni kali zaidi na kikundi kimechoka zaidi. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ratiba hugeuka, na maji yenyewe hayaendi mbali. Kwa hiyo ufuo wa Nyali hauna daraja moja la ugumu. Una daraja la tarehe fulani na saa fulani.

Wapiga kasia wa mito wamelizoea jambo hili. Wana madaraja sita, kutoka maji matulivu hadi yale yanayoweza kumwua hata bingwa, na wanajua kuwa mto uleule hupanda daraja mvua ikinyesha. Hawaulizi "mto gani" bila kuuliza "leo maji yakoje". Nahodha wa mashua yeyote wa hapa angewaelewa mara moja, maana naye hakuambii safari ya kisiwa cha Wasini ni nyepesi kabla hajajua kama upepo ni wa kusi au wa kaskazi.

Safari ya Wasini inafungua kosa jingine, kubwa kuliko yote kwa maoni yangu: kutia vitu viwili katika neno moja. Ndani ya mashua mtu hatoi jasho. Amekaa, anakula kaa, anapigwa na upepo. Kwa nguvu ni safari nyepesi kuliko kwenda sokoni Marikiti. Lakini asiyejua kuogelea, katika bahari ya kusi mwezi wa Julai, yumo hatarini kuliko aliyetembea kilomita kumi za mchanga akarudi hoi kwa uchovu. Ukiandika "rahisi" umesema kweli kuhusu jasho, ukanyamazia hatari.

Shirikisho la matembezi la Ufaransa limelitatua hili kwa namna ninayoipenda. Kila njia hupewa alama tatu mbalimbali, kila moja kutoka 1 hadi 5: moja ya nguvu, moja ya ufundi wa miguu, moja ya hatari. Alama hazijumlishwi. Mtu anaona mwenyewe kipi kinamhusu. Mwenye pumu atazame ya kwanza, mwenye goti bovu ya pili, mwenye mtoto mdogo ya tatu. Nimeiiga tabia hiyo na kwetu naziita jasho, mguu na hatari. Sheldrick sasa naiandikia jasho 4, kwa sababu mlima unakuja mwisho, na hakuna njia ya mkato ya kuukwepa. Mlima wa kawaida ukikushinda unageuka, na kurudi ni kuteremka. Bonde likikushinda, kurudi ndiko kwenyewe kugumu.

Yote hayo ni kuhusu njia. Nusu ya pili ni watu, nayo ni ngumu kupima kwa tarakimu. Francis Beaufort, afisa wa jeshi la majini la Uingereza, alipotengeneza kipimo chake cha upepo mwanzoni mwa karne ya 19, kutoka 0 hadi 12, hakupima kasi ya hewa. Aliangalia upepo unayafanya nini matanga ya meli: unayajaza, unawalazimu mabaharia kuyapunguza, au hakuna tanga linaloweza kuustahimili. Nadhani kikundi nacho hupimwa hivyo, na tanga la kikundi ni yule anayetembea nyuma kabisa.

Mtazame siku moja. Walio mbele hufika kwenye mti, hukaa kivulini dakika kumi, wakanywa maji. Anapofika wa mwisho akihema, wao wamekwisha pumzika, wanainuka, na mtu anasema "twendeni." Basi aliyechoka zaidi ndiye anayepumzika kidogo zaidi, kituo baada ya kituo. Hata matembezi ya kutoka Fort Jesus kupita Mama Ngina hadi Likoni, tambarare tupu, yenye upepo na mabenchi, yanaweza kumwumiza mtu kwa mtindo huo. Dawa yake ni kwamba dakika za kupumzika zianze kuhesabiwa anapokaa yeye. Hilo litaongeza muda, na muda huo uingizwe kwenye mpango tangu nyumbani, pamoja na swala ya adhuhuri na safari za msalani. Kikundi cha watu ishirini hakijawahi kutembea kwa mwendo wa Naismith.

Shida ni kwamba mtu huyo hajitokezi mapema. Ukiuliza "mtaweza?", wote watajibu wanaweza, kwa heshima na kwa haya. Mimi nimeacha swali hilo. Nauliza vitu vinavyojibika bila aibu. Nyumbani unakaa ghorofa ya ngapi, na ukipanda husimama wapi? Maji yakikufika kifuani, unafanya nini? Kuna aliyefunga, maana wako wanaofunga sita za mfungo mosi, baada ya Ramadhani, na hawasemi? Utavaa kiatu gani? Hilo la kiatu halina mchezo, kwa sababu champali juu ya majabali yenye utelezi humpandisha mtu alama mbili za mguu peke yake, na kule kwenye mwamba kuna miiba mirefu myeusi inayopenya bila kubisha hodi.

Kisha tangazo linaandikwa lote, hata kama ni refu. La mwisho lilikuwa hivi: "Jumapili, ufuo wa Nyali hadi kwenye mwamba na kurudi, kama kilomita 2. Kivuli hakuna. Jasho 2, mguu 3, hatari 4 kwa asiyejua kuogelea. Maji yanapwa saa nne na nusu, na saa hiyohiyo tunageuka, popote tutakapokuwa. Viatu vyenye soli, kila mtu na lita moja na nusu ya maji." Watu sita walisoma wakasema watakuja kutungoja ufuoni na chai. Zamani ningehesabu kuwa nimewapoteza sita.

Tulirudi Sheldrick mwaka uliofuata. Yule mama alikuja, tangazo amelisoma, na akaamua mwenyewe kubaki juu penye upepo karibu na gari, pamoja na wajukuu wawili wadogo. Tulipotokeza kwenye kilele tukitweta, alikuwa amekwisha kumenya machungwa, ameyapanga kwenye sinia. Aliyefika mwisho ndiye aliyepewa la kwanza.