Aneurisimu kwa mtoto: mshipa uliotuna na maana ya kuubana

Mzazi akiambiwa mtoto ana uvimbe kwenye mshipa wa ubongo, hubaki na neno moja tu: uvimbe. Fikra hukimbilia kansa. Nianze hapo, kwa sababu hofu hiyo inaumiza bure. Aneurisimu si nyama iliyoota. Ni mahali ambapo ukuta wa ateri, yaani mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni, umelegea, damu ikausukuma hadi ukatuna. Fundi yeyote wa bodaboda Kampala ameona mfano wake: tairi likichanika, tyubu hujitokeza penye ufa, na kadiri inavyotuna ndivyo inavyozidi kuwa nyembamba.

Ikipasuka, damu humwagika kuzunguka ubongo. Mtoto hushika kichwa ghafla kwa maumivu makali, hutapika, shingo hukakamaa, pengine hupata degedege. Kwetu wengi husema malaria imepanda kichwani, na saa za thamani zinapotea kabla ya skani.

Kwa kuwa hakuna nyama ya kuondoa, daktari hufungua fuvu na, akitazama kwa hadubini, huufuata mshipa hadi shingoni mwa kile kifuko kilichotuna, yaani pale kinapoungana na mshipa, akakibana kwa kibano kidogo cha titani kinachobaki humo maisha yote. Damu huendelea na njia yake. Daktari wa upasuaji wa ubongo Walter Dandy alitumia kibano kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1937. Njia ya baadaye ni kupitisha waya laini wa platinamu kutoka kinenani hadi ndani ya kifuko ukijaze, bila kufungua fuvu. Lakini waya huweza kujisongamanisha, damu ikapenya upya, na mtoto ana miaka mingi mbele yake. Ndiyo maana kibano bado kina nafasi kubwa kwa watoto. Kifuko kikiwa kikubwa au hakina shingo, huenda mshipa wenyewe ukazibwa, baada ya kuunganisha mwingine wa kupeleka damu.

Aneurisimu kwa watoto ni nadra. Ila Uganda bado tuna watoto wengi ambao homa ya rumatiki imewaharibia vali za moyo, yaani vilango vinavyoongoza damu. Bakteria wakishika vali hiyo, vipande vyao husafiri na damu hadi ubongoni, vikaozesha ukuta wa mshipa. Hapo hutangulia viuavijasumu, dawa za kuua bakteria, kwa wiki kadhaa. Upasuaji hufuata ikiwa mshipa umepasuka au unazidi kutuna. Daktari wa ubongo na wa moyo hulazimika kupanga pamoja: upasuaji wa vali huhitaji dawa za kuzuia damu kuganda, na dawa hizo zinaweza kuifanya aneurisimu ivuje. Kwa mtoto ambaye mshipa wake umeshapasuka, mara nyingi kichwa hutibiwa kwanza.