Ule ukoko kwenye sanamu za Wadogon sio uchafu jamani

Watu wakiona picha za sanamu za Wadogon swali ni lile lile, mbona chafu hivi, mbona hamzisafishi? Mimi kazi yangu ni kuhifadhi sanamu za mbao na swali hili linaniuma, maana huko nyuma wapo wafanyabiashara waliozisugua kweli wakazipaka mafuta zing'ae ili wateja wa Ulaya wazipende.

Wadogon wako Mali, kwenye lile genge la mawe la Bandiagara linalonyooka kilomita kama 150, ni wakulima wa uwele. Sanamu anachonga mhunzi, yule yule anayefua majembe, anatumia tezo, halafu inapelekwa madhabahuni, na madhabahu yenyewe mara nyingi ni kichuguu tu cha udongo. Sasa hapo ndo kazi inaanza. Inamwagiwa uji wa uwele, inamwagiwa damu ya kuku au ya mbuzi, inakauka, inapasuka, siku nyingine inamwagiwa tena juu ya ile ya zamani, baba akifa mtoto anaendelea, hadi unakuta ukoko mnene wa kijivu umeziba macho na mdomo. Ukiukwangua huo umefuta maombi ya ukoo mzima, na hakuna fundi wa kuyarudisha.

Halafu sanamu yenyewe ni nani? Wengi watakwambia ni babu aliyekufa. Walter van Beek, mwanaanthropolojia wa Uholanzi aliyeishi nao kijiji cha Tireli, aliandika mwaka 1988 kwamba sanamu ni yule anayeomba, yaani mtu hai mwenye shida yake, labda maradhi, labda hajapata mtoto, basi yeye yuko shambani analima na sanamu imebaki pale inamwombea. Mimi naegemea huko kabisa. Ile mikono iliyonyooshwa juu mnayoiona sana inasomwa kama kumwomba mvua Amma, Mungu muumba, na kwa nchi inayopata mvua miezi michache tu kwa mwaka hilo sio ombi dogo.

Siku ukikutana nayo kwenye makumbusho usikimbilie sura, anza kichwani na mabegani, uji ulimwagwa kutokea juu kwa hiyo ukoko hapo ndo mzito, kisha inama uchungulie chini ya kidevu na kwapani, mara nyingi utaona mbao tupu na alama za tezo bado zipo.