Umoja wa Wayoruba katika ugomvi wa malisho: maana yake ni nini?

Magavana sita wa kusini-magharibi mwa Nigeria wakitoa tamko la pamoja, magazeti ya huko huandika kwamba Wayoruba "wameungana". Msomaji wa mbali anaweza kudhani kabila zima, watu makumi ya milioni, limeingia kwenye chama kimoja nyuma ya kiongozi mmoja. Halijawahi kufika huko. Umoja unaozungumzwa ni makubaliano ya magavana, wafalme wa jadi, wazee wa siasa na vikundi vya vijana juu ya jambo moja kwa wakati mmoja, na tangu mwaka 2018 hivi jambo hilo limekuwa ng'ombe. Tuseme kwa usahihi zaidi: ni nani mwenye kauli ya mwisho juu ya ardhi ambayo ng'ombe hao wanapita.

Wayoruba wengi wanaishi katika majimbo ya Lagos, Ogun, Oyo, Osun, Ondo na Ekiti. Wengine wako Kwara na Kogi, majimbo yanayohesabiwa kuwa ya kanda ya kaskazini ya kati, na wengine wako ng'ambo ya mpaka nchini Benin. Ni Waislamu na Wakristo, mara nyingi ndani ya nyumba moja, kwa hiyo anayeueleza ugomvi wao na Wafulani, wafugaji kutoka kaskazini, kama vita vya dini hajafika Ibadan, mji mkuu wa Oyo.

Wote husimulia asili yao kwa Oduduwa, babu yao wa kale, na mji wa Ile-Ife, lakini asili moja haikuwazuia kupigana. Karne ya 19 karibu yote ilikuwa vita baina ya miji yao wenyewe. Vita vya Kiriji, vilivyoanza 1877 na kumalizika 1893, viliwakutanisha Ibadan upande mmoja na muungano wa Ekiti na Ijesha upande wa pili. Hata leo ukitaka kuharibu karamu ya wazee, uliza yupi mkubwa kati ya wafalme wawili, Ooni wa Ife au Alaafin wa Oyo.

Umoja kama mradi wa siasa ulikuja baadaye. Mwaka 1945 Obafemi Awolowo, akiwa mwanafunzi wa sheria London, alianzisha pamoja na wenzake jumuiya ya Egbe Omo Oduduwa, yaani wana wa Oduduwa. Mwaka 1951 kikazaliwa chama cha Action Group, na Awolowo akawa waziri mkuu wa Mkoa wa Magharibi. Fedha za kakao zilijenga shule, na Januari 1955 mkoa ukaanza elimu ya msingi ya bure. Hapa ndipo penye uzito. Wazee wa Kiyoruba wanapotaja umoja, mara nyingi hawataji damu wala lugha. Wanataja kipindi kifupi ambacho walikuwa na serikali yao, hazina yao na uamuzi wao, kabla jeshi halijachukua nchi 1966 na kuivunja mikoa kuwa majimbo mwaka uliofuata.

Kipindi hicho hicho ndicho kilichoonyesha jinsi umoja huo unavyopasuka. Mwaka 1962 Awolowo na mrithi wake katika uwaziri mkuu, Samuel Akintola, waligombana: mmoja alitaka chama kibaki upinzani, mwingine alitaka maelewano na watawala wa kaskazini. Bunge la mkoa likageuka uwanja wa kurushiana viti, serikali kuu ikatangaza hali ya hatari, na mwaka uliofuata Awolowo akafungwa kwa uhaini. Kizazi baada ya kizazi hali imejirudia kwa sura nyingine. Mwaka 1999 chama cha Alliance for Democracy, kilichoungwa mkono na wazee wa jumuiya ya Afenifere, kilishinda ugavana katika majimbo yote sita. Mwaka 2003 kilipoteza matano, akabaki Bola Tinubu peke yake Lagos. Kiti kikiwekwa mezani, Wayoruba hugawanyika kama watu wengine wowote.

Sasa ng'ombe.

Wafulani wafugaji wamekuwa wakishuka kusini na mifugo yao kila kiangazi kwa miaka mingi. Zamani msitu na mbung'o viliwawekea mpaka, maana ng'ombe aliyeingia mbali kusini alikufa kwa ugonjwa wa nagana. Kisha misitu ikafyekwa, dawa za mifugo zikapatikana, malisho ya kaskazini yakazidi kukauka, na baadaye Boko Haram na majambazi wa kuiba mifugo wakaifanya kaskazini yenyewe isikalike. Mifugo ikazidi kuja, ikakaa muda mrefu zaidi, na ikakuta mashamba ya mihogo, mahindi na kakao yamejaa pale ambapo babu wa mfugaji aliacha njia. Mkulima anaamka na kukuta jasho la mwaka limeliwa usiku mmoja. Mfugaji naye anasema njia yake imelimwa na kisima chake kimezungushiwa uzio. Maeneo ya Ibarapa na Oke-Ogun, katika jimbo la Oyo, yana Wafulani waliozaliwa huko na wanaozungumza Kiyoruba sawasawa na jirani zao. Wenyeji huwatofautisha na wageni wanaowaita Bororo. Wako hata Wayoruba wenye fedha ambao ng'ombe wao huchungwa na Wafulani. Mambo haya hayasikiki sana kwenye matamko.

Kilichogeuza ugomvi wa shamba kuwa hoja ya taifa zima ni utekaji nyara na mauaji barabarani. Septemba 2015 Olu Falae, waziri wa fedha wa zamani na mgombea urais wa 1999, alitekwa shambani kwake karibu na Akure siku yake ya kuzaliwa. Julai 2019 binti wa Reuben Fasoranti, kiongozi wa Afenifere, aliuawa kwa risasi barabarani katika jimbo la Ondo. Lawama ziliwaangukia wafugaji mara moja, hata kabla ya polisi kusema neno.

Katikati ya hasira hiyo serikali ya Rais Muhammadu Buhari, mwenyewe Mfulani mwenye ng'ombe wake nyumbani kwao Daura, ikaleta mipango ya ardhi. Mapema 2018 waziri wa kilimo Audu Ogbeh alizungumzia "makoloni ya ng'ombe", jina ambalo sijui ni mshauri gani alilipitisha. Mwaka 2019 likaja wazo la RUGA, makazi ya wafugaji yenye malisho, maji, shule na zahanati, yajengwe katika majimbo mbalimbali. Kwa macho ya mtaalamu wa mifugo lilikuwa na mantiki: ng'ombe akitulia, mazao ya jirani yanapona. Kwa macho ya wakulima wengi wa kusini lilisomeka kama serikali kuu kuwakatia watu wa kabila la rais ardhi ya wengine. Wayoruba wana kumbukumbu ya Ilorin, mji ambao mwanzoni mwa karne ya 19 jemadari wao Afonja aliasi dhidi ya milki ya Oyo kwa msaada wa wapiganaji waliomzunguka mwanachuoni Mfulani, Alimi. Afonja aliuawa, na Ilorin ikawa milki ya emiri hadi leo. Kisa hicho hutajwa kila malisho yanapojadiliwa, haki au si haki. Julai 2019 RUGA ikasimamishwa.

Kuelewa kwa nini magavana wa vyama tofauti waliweza kusimama pamoja kwenye jambo hili, tazama sheria mbili. Sheria ya Matumizi ya Ardhi ya 1978 inaikabidhi ardhi ya kila jimbo mikononi mwa gavana kwa niaba ya wananchi. Katiba nayo inaruhusu jeshi moja tu la polisi, na linaamriwa kutoka Abuja. Kwa hiyo gavana anaweza kupiga marufuku ng'ombe kupita msituni, lakini askari wa kumkamata anayekaidi si wake. Huitwa afisa mkuu wa usalama wa jimbo, cheo kizuri cha kuandika kwenye barua. Nafasi hiyo kati ya ardhi na bunduki ndiyo iliyoujenga umoja wa safari hii kuliko hotuba yoyote.

Januari 9, 2020, mjini Ibadan, magavana wa majimbo sita wakazindua Amotekun. Neno hilo ni chui kwa Kiyoruba, na jina rasmi lilikuwa Mtandao wa Usalama wa Nigeria ya Magharibi. Sare, magari, wawindaji wa jadi walioijua misitu. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, mfikirie mgambo wa jimbo mwenye sheria nyuma yake. Watano kati ya magavana walikuwa wa APC, chama cha Buhari. Seyi Makinde wa Oyo alikuwa wa PDP, chama cha upinzani. Siku chache baadaye waziri wa sheria Abubakar Malami akatangaza kuwa kikosi hicho ni haramu. Hapo watu wakaingia mitaani katika miji ya kusini-magharibi, na wanasiasa waliokuwa hawasalimiani wakajikuta upande mmoja. Mazungumzo na makamu wa rais Yemi Osinbajo, Myoruba pia, yakazaa njia ya kati: hakutakuwa na kikosi kimoja cha kanda, kila jimbo litatunga sheria yake. Kufikia Machi mabunge ya majimbo yalikuwa yanapitisha sheria hizo. Lagos ilitunga yake lakini ikaendelea kukitegemea kikosi chake cha ulinzi wa mitaa, kwa kuwa jiji hilo lina hesabu zake.

Mwaka 2021 ndio uliokuwa mkali. Januari, gavana Rotimi Akeredolu wa Ondo aliwapa wafugaji siku saba watoke kwenye hifadhi za misitu za jimbo. Wiki hiyo hiyo mwanaharakati Sunday Adeyemo, anayejulikana kama Sunday Igboho, aliingia Igangan katika eneo la Ibarapa akiwa na umati na kuwataka Wafulani waondoke. Nyumba ya kiongozi wao ilichomwa. Februari, soko la Shasha mjini Ibadan likalipuka kwa mapigano ya Wayoruba na Wahausa wa kaskazini. Wafanyabiashara wa kaskazini wakajibu kwa kusimamisha malori ya ng'ombe, nyanya na vitunguu kwenda kusini, na bei sokoni Lagos zikapanda hadi mazungumzo yalipoyafungulia njia Machi. Funzo hilo lilipokewa kimya kimya na wanaopenda kula nyama kwenye sherehe, yaani karibu kila Myoruba. Juni, Igangan ikavamiwa usiku, watu zaidi ya kumi wakauawa na ikulu ya mfalme ikachomwa.

Mei 11 mwaka huo magavana wa majimbo 17 ya kusini, Wayoruba, Waigbo na wa Delta ya Niger, walikutana Asaba na kupiga marufuku uchungaji wa wazi, yaani kutembeza ng'ombe wakila popote. Ekiti ilikuwa imetangulia na sheria yake tangu 2016. Mkutano wa Lagos wa Julai ukaweka Septemba 1 kuwa mwisho wa kutunga sheria. Malami akasema marufuku hiyo ni sawa na magavana wa kaskazini kuwafukuza wauza vipuri, ambao wengi hutoka kusini. Buhari akasisitiza kufufua njia za zamani za mifugo. Kwa mara moja adimu, umoja wa Wayoruba ulikuwa sehemu ya umoja mpana zaidi wa kusini.

Ndani yake, hata hivyo, kulikuwa na nyufa. Igboho na mwanahistoria Banji Akintoye hawakutaka sheria ya malisho. Walitaka taifa huru la Wayoruba. Magavana na Tinubu wakakataa hadharani wito wa kujitenga. Julai 1 maafisa wa usalama walivamia nyumba ya Igboho Ibadan, akakimbia, akakamatwa Cotonou baadaye mwezi huo. Vijana waliomwona shujaa waliwaona magavana kuwa waoga, na magavana wakawaona vijana hao kuwa hatari kwa hesabu za uchaguzi wa 2023.

Hesabu hizo zilipofika, Tinubu alishinda urais huku akipoteza Lagos, ngome yake, kwa Peter Obi, mgombea Mwigbo, na Osun kwa Atiku Abubakar, mgombea wa PDP. Afenifere ikapasuka: Ayo Adebanjo alimuunga mkono Obi akisema zamu ni ya Waigbo, na Fasoranti akambariki Tinubu. Wanaume wawili walioshika bendera moja dhidi ya RUGA, kila mmoja na mgombea wake.

Julai 2024 Tinubu aliunda wizara kamili ya maendeleo ya mifugo, yenye kazi ya kuhamasisha ranchi. Mpango wa aina hiyo ukitoka kwa Buhari ungezua kelele Ibadan. Ukitoka kwa Myoruba, matamko yamekuwa ya upole. Sheria za marufuku zingali vitabuni, na Amotekun Ondo na Ekiti huendelea kukamata ng'ombe walioingia mashambani.

Wanaoachwa nje ya haya yote ni Wayoruba wa Kwara na Kogi. Miaka ya 1950 Action Group ilidai Ilorin na Kabba, ambazo leo ziko Kwara na Kogi, zihamishiwe Mkoa wa Magharibi, na dai hilo halikutimizwa. Amotekun inafuata mipaka ya majimbo, kwa hiyo mkulima wa Kiyoruba wa Offa au Omu-Aran, mwenye lugha ile ile na Oduduwa yule yule, akivamiwa usiku hana chui wa kumwita.