Waya wa spika: kusokota na kupiga tepu sio kuunga

Hela ya korosho ikiingia huku Mtwara kila mtaa unapata boksi jipya la mbao lenye spika ya inchi 12, wiki mbili tatu mbele mwenyewe analalamika imeungua. Ukifungua unakuta spika nzima kabisa, waya ndo umeachia.

Mtaani wanakwambia: "Sokota, piga tepu nyeusi, imeisha hiyo." Haijaisha. Mle ndani kunatetemeka muda wote besi ikipiga, joto linalainisha gundi ya tepu inakuwa kama ulimbo, af kwa sisi wa Shangani na Mikindani hewa ya chumvi inaingia mpaka shaba inaota ukijani, sauti inaanza kuja na kukata, unapiga boksi ngumi inarudi (sote tumepiga, tusidanganyane).

"Risasi ikiwa nyingi ndo inashika." Hapa risasi ni ile ya kuungia waya, inayoyeyushwa kwa pasi ya umeme ya mafundi, na hii ndo imeharibu spika nyingi. Bonge la risasi juu ya terminali (kile kichuma cha spika cha kufungia waya) ya baridi limekaa tu pale, halijashika kitu, spika ikipanda toyo kwenda Nanyamba linabanduka. Pitisha waya kwenye tundu la terminali, ukunje kwanza ujishike wenyewe, pasha terminali na waya pamoja, halafu risasi iguse hivyo vyuma sio ncha ya pasi, risasi ya 60/40 (bati 60, risasi 40) inayeyuka kwenye joto la nyuzi 190 hivi kwahiyo chuma kikipata moto inatambaa yenyewe. Usiitikise mpaka ipoe. Na asidi ya mafundi bati usiiweke, inabaki inakula shaba taratibu.

Kuna wanaopaka risasi ncha ya waya ndo wanaibana kwa skrubu. Nilikuwa nafanya hivyo hivyo, kumbe risasi ni laini, ikibanwa inabonyea kidogo kidogo skrubu inalegea. Kwenye skrubu bana shaba tupu.

Waya wa nyumba wa uzi mmoja? Hapana, mtetemo unaukata. Chukua wa nyuzi nyingi, unene wa 1.5 (milimita za mraba) unatosha sana, nusu mita kwenda na kurudi ukinzani wake ni kama ohm 0.01 tu, spika ya ohm 8 wala haistuki.

"Ukigeuza waya si inaimba tu?" Inaimba ndio, ila ukiwa na spika mbili na moja imegeuzwa besi inapotea. Gusisha waya mbili za spika kwenye betri ya rimoti ya volti 1.5 sekunde moja, karatasi ya spika ikitoka nje basi waya uliogusa chanya ndo chanya, weka alama kabla hujafunga boksi maana kufungua skrubu 16 tena usiku wa shughuli sio mchezo.