Kabla Hujashonea Wivingi: Maswali Tunayoulizwa Zaidi

Nataka kushonea wivingi kwa mara ya kwanza. Nitajuaje kama kichwa changu kiko tayari?

Simama mbele ya kioo penye mwanga wa kutosha, rudisha nywele zote nyuma kwa mkono, kisha tazama ukingo wa paji la uso, juu ya masikio na utosini. Kama nywele za pembeni zimepungua kuliko zilivyokuwa mwaka jana, au kuna vipele, magamba, vidonda au mahali panapowasha, usishonee kwa sasa. Mba mkali na mapunye vitibiwe kwanza, kwa sababu vikishafunikwa na wivingi huvioni wala huvifikii kwa dawa. Ngozi ikiwa safi, haiumi, na nywele zako zina urefu wa kushika mistari ya msuko ambayo wivingi hushonewa juu yake, bila kulazimishwa, unaweza kuendelea.

Wengi hufika saluni wakiwa wameshanunua nywele, wameshachagua rangi na urefu, na ngozi ya kichwa hawajaitazama hata mara moja. Ningependa mpangilio huo ugeuzwe.

Wivingi inadhuru vipi, wakati imeshonwa tu juu ya mistari?

Mistari hiyo ndiyo inayobeba kila kitu: uzi, nywele zilizoongezwa, na maji siku unapoosha. Mzigo wote unaning'inia kwenye mizizi yako. Mzizi ukivutwa kwa muda mfupi hupona. Ukivutwa kwa miezi na miaka hudhoofika, huanza kuotesha unywele mwembamba na mfupi, na mwishowe mahali pake panashika kovu. Penye kovu nywele haziwezi kuota tena.

Madaktari wa ngozi huita hali hii alopesia ya mvuto, na haikuanza na wivingi. Ilielezwa kitabibu mwaka 1907 kwa watu wa Greenland waliokuwa wakifunga nywele kwa kuzikaza sana. Karne moja baadaye, watafiti walipochunguza wanawake watu wazima mjini Cape Town waliikuta kwa karibu theluthi moja yao. Huanzia kwenye ukingo wa paji na juu ya masikio, kwa hiyo hapo ndipo pa kukagua kila unapofumua. Dalili moja huwapita wengi: ukingoni kabisa hubaki mstari wa nywele laini fupi, na nyuma yake panakuwa peupe. Mtu akiona zile nywele fupi hudhani zinaota upya, kumbe ndizo zilizosalia kwa kuwa zilikuwa fupi mno kushikwa na msuko.

Usiku wa kwanza kichwa huniuma hadi silali vizuri. Si ndivyo ilivyo kwa kila mtu?

Wengi wetu tulifundishwa tangu utotoni kutulia na kuvumilia tunaposukwa, na yeyote aliyelia aliambiwa anadeka. Mafunzo hayo yametugharimu nywele nyingi. Maumivu ni mwili unakwambia kwamba mizizi inavutwa kuliko inavyoweza kustahimili, na usipoyasikiliza, baada ya siku chache hutokea vijipele, wakati mwingine vyenye usaha, kufuata mistari ya msuko. Wanawake wanaopata maumivu, vipele au magamba baada ya kusukwa ndio walio katika hatari zaidi ya kupoteza nywele za mbele.

Kidonge cha maumivu kitakusaidia kulala, lakini mvuto utabaki palepale. Sema ukiwa bado kwenye kiti: "Dada, hapo umekaza sana, naomba ufumue ulegeze." Msusi anayejua kazi yake hatakasirika. Kama ngozi ya paji imevutika kiasi kwamba kukunja uso ni shida, au mizizi imeinuka vipunje vipunje, mistari hiyo imekaza mno. Ukifika nyumbani ndipo ukagundua, rudi kesho yake ifumuliwe ile ya mbele, hata kama umeshalipa. Kuanzia mwanzo kabisa, omba nywele laini za ukingoni ziachwe nje ya mistari, na omba wivingi fupi na nyepesi badala ya ile inayofika kiunoni.

Kushona au kubandika kwa gundi, ipi salama zaidi?

Kati ya hizo mbili, mimi ningechagua kushona. Gundi ikigusa ngozi au nywele zako, siku ya kubandua huondoka nazo. Isitoshe, baadhi ya gundi za nywele zina mpira asilia, uleule unaotumika kutengeneza glavu na puto. Kama glavu au puto zimewahi kukuwasha au kukuvimbisha, usiziguse gundi hizo, hata kwa kujaribu tu. Wapo waliovimba uso na kushindwa kupumua baada ya kubandikwa nywele, na hali hiyo ni ya kukimbilia hospitali bila kusubiri ipungue yenyewe.

Kama unataka kupendeza kwa sherehe ya siku moja, nywele za klipu ambazo unazivua kabla ya kulala zinatosha.

Wivingi ya kushona nayo ina jambo lake: sindano. Ikichoma ngozi na kutoa damu, isitumike kwa mtu mwingine. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Nenda na sindano yako na kitana chako. Mapunye nayo huambukizwa kwa vitana.

Nimeweka dawa ya kulainisha nywele. Naweza kushonea siku hiyohiyo?

Hapana. Dawa hiyo hudhoofisha unywele wenyewe, na mara nyingi huacha ngozi na michubuko isiyoonekana. Subiri angalau wiki mbili. Ukweli ni kwamba dawa na mvuto vikikutana kwenye kichwa kimoja, hatari inapanda kuliko kila kimoja kikiwa peke yake, kwa hiyo ningekushauri uchague kimoja.

Nimejifungua miezi mitatu iliyopita na nywele zinanyonyoka. Wivingi itazilinda?

Kunyonyoka baada ya kujifungua ni jambo la kawaida. Mara nyingi huanza kati ya mwezi wa pili na wa nne, kisha nywele hurudi zenyewe katika miezi inayofuata. Kipindi hiki mizizi mingi imepumzika na unywele unang'oka kwa urahisi, kwa hiyo usiiongezee mzigo. Lemba au wigi jepesi lisilobana litakuvusha. Ushauri ni huohuo kwa anayepata tiba ya saratani, na kwa mwenye upungufu wa damu au tatizo la tezi ya shingo ambaye nywele zake zimeanza kupungua: apate matibabu kwanza.

Na binti yangu wa miaka saba?

Mwache kwanza. Msuke mistari iliyolegea, bila nywele za kuongeza. Nywele za mbele zinazopotea ukubwani mara nyingi zilianza kuvutwa utotoni.

Wivingi ikae muda gani, na niioshe vipi?

Wiki 6 hadi 8 zinatosha. Unywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo kadiri unavyochelewa ndivyo mistari inavyoachana na ngozi, inavyolegea na kujisokota, na uzito wote unabaki kwenye nywele chache. Kati ya wivingi moja na nyingine acha kichwa kipumue wiki kadhaa. Najua kipindi hicho ndicho kigumu kwa waliozoea kuonekana na nywele ndefu kila siku, lakini ndicho kinachoamua kama utaendelea kusuka ukiwa na miaka hamsini.

Osha kila baada ya wiki moja au mbili. Shampuu uliyoichanganya na maji ipenyeze kati ya mistari, isugue kwa ncha za vidole, si kucha, kisha suuza. Ukaushe mpaka ndani kabisa, kwani unyevu unaokaa chini ya mistari huleta harufu, muwasho na fangasi.

Nilipofumua nilitoa fungu kubwa la nywele. Nimeharibika?

Huenda hujaharibika. Kichwa chenye afya hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku, na zile za muda wote uliovaa wivingi zilinaswa ndani ya mistari. Kwa siku 60 hizo ni nywele 3,000 hadi 6,000, zinazotoka kwa mkupuo mmoja. Zitazame: zenye kidoto cheupe mwishoni mara nyingi ni za kupukutika kwa kawaida. Vipande vifupi vilivyokatika katikati, au sehemu ya kichwa iliyobaki wazi, ndivyo vya kukutia wasiwasi.

Sehemu za mbele zimeshapungua. Si bora nizifunike kwa wivingi?

Ninaelewa aibu inayomsukuma mtu kufunika. Ila kinachofunika ndicho kinachoendelea kuvuta. Acha misuko ya kubana leo, kisha umwone daktari wa ngozi. Ikiwahiwa, nywele nyingi hurudi kwa kuondoa mvuto tu, na daktari anaweza kuongeza minoksidili, dawa ya kuotesha nywele, au sindano za steroidi, dawa za kutuliza uvimbe. Kovu likishaingia, dawa hazina la kufanya, na kupandikiza nywele ndiyo njia inayosalia kwa baadhi ya watu.

Kama zinapungua utosini na kusambaa kwa duara, huenda ni ugonjwa mwingine unaoacha makovu, ambao mwaka 2019 ulihusishwa na mabadiliko katika PADI3, jeni inayohusika na kuujenga unywele. Huo haungojei hata wiki ya kujaribu mafuta. Nenda mapema.

Nimepangiwa kipimo cha MRI. Wivingi inaweza kubaki?

Inategemea ilivyofungwa. MRI hupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku kali, kwa hiyo klipu, pini au nyuzi zenye chuma hazitakiwi kuingia kwenye mashine hiyo. Kipimo cha umeme wa ubongo nacho kinahitaji vibandiko viguse ngozi ya kichwa moja kwa moja, jambo ambalo wivingi hulizuia. Waulize wahudumu siku unapopewa miadi, ili kama kuna haja ya kufumua uwe na muda wa kufanya hivyo taratibu nyumbani.