Ukaguzi unaanzia dirishani

Nikisema niliwahi kufanya kazi ya kuangalia vizuizi vya ukaguzi vya Ukingo wa Magharibi, eneo la Wapalestina linalokaliwa na jeshi la Israeli, watu huniuliza kuhusu askari: wana bunduki gani, ni wakali kiasi gani. Kuhusu karani wa ofisi ya vibali sijawahi kuulizwa. Baada ya kukaa Bethlehemu miezi mitatu na daftari mwaka 2018, mimi ningeanza na karani.

Mpalestina wa Ukingo wa Magharibi ana kitambulisho cha kijani. Akitaka kuingia Israeli au Yerusalemu Mashariki, kitambulisho hicho kwa kawaida hakimfikishi popote bila kibali, kwa Kiarabu tasrih. Zamani haikuwa hivyo. Mwaka 1972 jeshi la Israeli lilitoa kibali cha jumla, mtu akawa anakwenda Tel Aviv asubuhi na kurudi jioni. Januari 1991, Vita vya Ghuba vilipopamba moto, kibali cha jumla kikafutwa na kila mtu akaambiwa aombe chake. Machi 1993 ukaja ufungaji wa jumla, na tangu hapo kupita kumekuwa fadhila anayopewa mtu mmoja mmoja.

Ofisi ya Israeli inayoshughulikia mambo hayo watu huiita irtibat, yaani ya uratibu. Huko ndiko mtu huenda kuchukuliwa alama za vidole na picha ya uso ili apewe kadi ya sumaku, na kadi hiyo bado si kibali. Mgeni huchelewa sana kulielewa hilo. Kadi inasema wewe ni nani. Kibali kinasema unakwenda kufanya nini, kuanzia tarehe gani, na mara nyingi kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi. Ikifika Pasaka ya Kiyahudi au Yom Kippur, siku yao ya kufunga na kutubu, eneo hufungwa, na vibali vingi vilivyo halali kabisa hulala mfukoni mpaka sikukuu ipite.

Kuna ofisi moja niliyokuwa nikienda kila Jumapili, siku ya kwanza ya wiki ya kazi kule. Viti vya chuma vimefungiwa sakafuni, kioo ni kinene, sauti ya karani inatoka kwenye spika iliyopasuka. Siku moja alikuwapo bwana wa miaka 48. Mkewe alikuwa na miadi ya matibabu Yerusalemu Mashariki siku ya Jumanne, na kibali chake kilikuwa kimetoka. Cha mume kumsindikiza kilikataliwa: mamnu' amni, amezuiwa kwa sababu za usalama. Sababu zipi? Hilo haambiwi mtu. Spika ikasema bukra, kesho. Niliandika: amefika saa 1:50, ameitwa saa 5:20, amezungumza na dirisha dakika mbili. Hakuna aliyempandishia sauti, na hakuna picha ya kamera ambayo ingeonyesha lolote. Ndiyo maana naheshimu sana kazi ya Machsom Watch, wanawake wa Kiisraeli walioanza kusimama vizuizini mwaka 2001, na ambao baadhi yao huwasaidia watu wa namna hii kuomba majina yao yaondolewe kwenye orodha ya waliozuiwa.

Kuangalia kwenyewe hakuna ushujaa wowote. Kwenye Kizuizi 300, kati ya Bethlehemu na Yerusalemu, tulifika saa kumi alfajiri tukiwa na kimashine cha kuhesabia kinachobonyezwa kwa kidole gumba. Wafanyakazi walikuwa tayari wamejazana kwenye ujia wa nondo, wengine wakipanda ukutani kuwaruka wenzao, kwa sababu gari la mwajiri halingoji. Kila nusu saa tunaandika: wangapi wamepita, madirisha mangapi yako wazi, lango la wagonjwa, wazee na wanawake limefunguliwa saa ngapi. Kisha unamchagua mtu wa mwisho kwenye foleni, unakariri rangi ya koti lake, unasubiri atokee upande wa pili. Muda wa koti hilo una maana kuliko jumla yote ya kimashine. Watu 4,000 wakipita, ripoti hupendeza, lakini haisemi kwamba mwenye koti la kijivu ametumia saa moja na robo kutembea umbali wa uwanja wa mpira.

Mashambani mambo ni hayohayo, ila bila umati. Ujenzi wa ukuta na uzio wa Israeli wa kujitenga na Ukingo wa Magharibi ulianza 2002, na takriban asilimia 85 ya njia yake iliyopangwa inapita ndani ya Ukingo wa Magharibi. Kwa hiyo mkulima analala upande huu na mizeituni yake iko upande ule. Anaomba kibali cha kwenda shambani kwake mwenyewe, halafu anangoja lango. Mpaka 2023 malango mengine yalifunguliwa kwa dakika chache asubuhi, mchana na jioni. Mengine msimu wa mavuno tu. Asiyelima ng'ambo ya uzio aweza kuona ni kero ndogo. Mwulize anayetakiwa kupalilia mwezi Machi.

Tangu Oktoba 2023, vita vya Gaza vilipoanza, hata hesabu zangu za alfajiri zimekuwa historia. Vibali vingi vya kazi vilisitishwa, na zaidi ya watu 100,000 wakakosa riziki waliyoizoea. Vizuizi vya ndani, baina ya mji na mji, vimeongezeka: OCHA, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya kuratibu misaada ya kibinadamu, ilihesabu vya kila aina 645 mwanzoni mwa 2023 na 849 mwanzoni mwa 2025, yakiwemo malango ya chuma kwenye midomo ya vijiji. Hapa kibali hakisaidii, maana hakuna cha kuomba.

Sasa wanaohesabu ni wasafiri wenyewe, kwenye makundi ya Telegram ya hali ya barabara. Bado nimo katika moja. Atokaye Bethlehemu kwenda Ramallah bila ruhusa ya kukatiza Yerusalemu hupita Wadi al-Nar, Bonde la Moto, mpaka kizuizi kinachoitwa Container. Mmoja anauliza, "Container vipi?" Anajibiwa salik, kweupe, na duara la kijani. Dakika nne baadaye mwingine anaandika musakkar, kumefungwa, na duara jekundu. Wa kwanza haandiki tena; nadhani alikuwa ameshashika njia.