Kurudisha tabasamu maana yake nini hasa, na ile habari ya jino la pembe

Shangazi yangu wa Ujiji alikaa miaka kama tisa hivi hacheki bila kushika kanga. Yaani ukimchekesha mkono unatangulia, pindo la kanga linafika mdomoni kabla sauti haijatoka, na sisi tulishazoea tukajua ndo anavyocheka, kumbe mwenzetu anaficha pengo. Meno manne ya mbele juu hayapo. Moja liling'olewa kwa kuoza, mawili yalilegea kwa ugonjwa wa fizi mpaka yakatoka yenyewe, na la mwisho lilikatika akila muwa. Siku niliyomwambia twende kwa daktari wa meno akarudishiwe tabasamu lake akanitazama akasema, "Mwanangu, jino la pembe si dawa ya pengo."

Methali hiyo nimeisikia toka mdogo ila siku ile ndo niliifikiria kwa mara ya kwanza, mana kuisikia Ujiji ni tofauti na kuisikia kwingine. Hapa ndo pembe za ndovu zilikuwa zinavushwa Ziwa Tanganyika kutoka Kongo, zinabebwa mabegani kwenda Tabora mpaka Bagamoyo. Waliosema jino la pembe waliijua pembe yenyewe, uzito wake na bei yake, na bado wakasema si dawa. Na walikuwa sahihi kabisa. Huko Ulaya na Marekani miaka ya 1700 meno ya bandia yalichongwa kwa pembe za ndovu na meno ya kiboko, George Washington mwenyewe, rais wa kwanza wa Marekani, alipoapishwa mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino moja tu la asili mdomoni, mengine ni ya kiboko na ya watu wengine, yamebanwa kwa springi. Pembe ikikaa kwenye mate inabadilika rangi, inaoza, inanuka, na haishikani na mfupa wa taya hata kidogo. Imekaa tu pale.

Sasa hili neno kurudisha tabasamu tunaliona sana siku hizi kwenye vibao vya kliniki na kwenye simu, na wengi wanalielewa kuwa ni kung'arisha meno yawe meupe pe kama karatasi. Sivyo. Ndani ya jina hilo moja kuna kazi mbili. Ya kwanza ni kurekebisha, yaani jino lililotoboka, lililovunjika, lililokufa au lililotoka linarudishiwa umbo na kazi, utafune, utamke "fa" na "sa" bila upepo kupita, mdomo ukae ulivyokuwa unakaa. Ya pili ni kupendezesha, yaani rangi, mpangilio, urefu, vitu ambavyo ukiviacha hutaumwa ila wewe unapenda viwe vingine. Mara nyingi kazi mbili hizi zinakutana kwenye jino moja, ila kuna mpangilio: kurekebisha kunatangulia. Ukiona mtu anataka kukung'arisha meno wakati fizi zinatoka damu na gego limetoboka, ondoka hapo.

Na kuna kitu kimoja sisi Waswahili tunakijua kuliko vitabu vya madaktari wa meno. Pengo na mwanya si kitu kimoja. Pengo ni jino lililokuwepo likaondoka, ni hasara. Mwanya ni nafasi uliyozaliwa nayo kati ya meno mawili ya mbele, na kwetu mwanya ni uzuri, watu wanasifiwa nao kwenye nyimbo za harusi. Kuna nchi mtu mwenye mwanya anaambiwa ana kasoro akauzibe. Kwahiyo tabasamu zuri ni lako wewe na watu wako, wala hakuna kipimo kimoja kinachotoka kiwandani.

Tuje kwenye jino lenyewe, mana bila kulielewa utadanganywa kirahisi. Ile sehemu nyeupe ya nje inaitwa enameli, ndo kitu kigumu kuliko vyote kwenye mwili wa binadamu, asilimia kama 96 ni madini. Lakini haina chembe hai ndani yake. Mfupa ukivunjika unaunga, ngozi ikichanika inaota, enameli ikiondoka imeondoka. Chini yake kuna dentini, hii ina rangi ya njanonjano, na ndani kabisa kuna mshipa na damu. Ndo mana ukiisugua enameli ikawa nyembamba jino linazidi kuwa la njano badala ya kuwa jeupe, unaiona dentini inachungulia.

Hapa nina uchungu na hizi mbinu za ndimu na jivu, ndimu na magadi, mkaa wa kusaga. Ukali wa asidi unapimwa kwa namba inayoitwa pH, namba ikishuka ukali unapanda. Enameli inaanza kuyeyuka pH ikishuka chini ya kama 5.5 hivi, maji ya ndimu yako kwenye 2 na kidogo, afu juu yake unasugua jivu lenye chenga. Wiki ya kwanza utaona meno yanang'aa kweli kwa sababu umekwangua uchafu wa juu, baada ya miezi unaanza kusikia maji baridi yanachoma mpaka kwenye sikio, na hicho ulichokwangua hakuna dawa ya meno wala maziwa yatakayokirudisha.

Kung'arisha kwa daktari ni kitu kingine, wanatumia dawa ya peroksaidi inayoingia ndani ya jino na kuvunja rangi bila kukwangua. Inafanya kazi vizuri kwa madoa ya chai, kahawa, sigara. Haibadilishi rangi ya jino la bandia wala sehemu iliyozibwa, kwahiyo mwenye jino la kupachika mbele aking'arisha mengine anabaki na moja la rangi tofauti, bora kuuliza kabla. Na yale madoa ya kahawia ya watu waliokulia kwenye maji yenye madini mengi ya floraidi, kama ndugu zetu wa Arusha, hayo yako ndani ya enameli toka jino linaumbwa, dawa inapunguza tu, wakati mwingine yanahitaji kufunikwa.

Kuziba jino sasa. Zamani ilikuwa ile ya rangi ya fedha, siku hizi nyingi ni komposit, rangi ya jino lenyewe, inagandishwa kwa taa ya bluu kwa sekunde chache. Swali ni inashikaje kwenye kitu kinachoteleza kama jino? Mwaka 1955 daktari mmoja Mmarekani, Michael Buonocore, aliona viwandani kabla ya kupaka chuma rangi wanakipitishia kwanza asidi ya fosforasi ili rangi ishike, naye akajaribu kwenye enameli. Ndo kile kile fundi wetu wa rangi anachofanya, haupaki ukuta unaoteleza, unaupiga msasa kwanza. Asidi inatengeneza vishimo vidogo ambavyo jicho halioni, komposit inaingia humo na kukamata. Kwa njia hiyo hiyo jino la mbele lililokatika pembeni linajengwa likarudi, mtu anaingia na kipande anatoka na jino zima siku hiyo hiyo.

Jino likioza mpaka kwenye mshipa, kwetu neno la kwanza ni "ling'oe tu". Nawaelewa, maumivu ya jino usiku hayana mfano na kung'oa ni bei nafuu. Lakini jino likitoka na mfupa uliolishika unaanza kusinyaa, na unasinyaa zaidi mwaka ule wa kwanza, majirani wanainamia upande wa pengo, la juu linashuka kutafuta mwenzake. Ndo mana aliyepoteza meno mengi shavu linaingia ndani anaonekana mzee kabla ya umri. Njia nyingine ni kutibu mzizi: wanapiga ganzi, wanatoa mshipa uliooza, wanasafisha mifereji ya mizizi, wanaijaza na kuifunga. Jino limekufa ndio, lakini limesimama, na mfupa umebaki. Likiwa gego mara nyingi linavalishwa kofia juu ili lisipasuke. Uliza kwanza kama linatibika kabla hujakubali kung'oa, hilo swali moja tu.

Ikishakuwa pengo kuna njia tatu. Meno ya kuvaa na kuvua, haya ni kisahani cha plastiki ya pinki chenye meno juu yake na vijiwaya vinavyoshika meno jirani. Daraja, ambalo linapachikwa moja kwa moja ila lazima meno mawili ya jirani yachongwe yabebe mzigo, na kama yalikuwa mazima inauma kuyachonga. Na kupandikiza, yaani skrubu ya metali inayoitwa titani inaingizwa kwenye mfupa wa taya, afu jino linafungwa juu. Hii ya mwisho ndo iliyonifanya nirudi kwenye methali. Miaka ya 1950 Msweden mmoja, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa anachunguza damu kwenye mifupa ya sungura kwa kutumia vifaa vya titani, alipotaka kuvitoa vikagoma, mfupa umevikumbatia. Mwaka 1965 akampandikizia mtu wa kwanza, Gösta Larsson, na yule bwana akakaa na meno yale mpaka anafariki 2006. Pembe haikuweza hilo. Lakini hata titani inahitaji mfupa wa kutosha na fizi zenye afya, na kusubiri miezi mitatu mpaka sita hivi ishikane, na gharama yake iko juu, kwa hapa kwetu wengi watapata haya ya kuvaa na hayana aibu yoyote.

Kuna na vile vibati vyembamba vya kauri vinavyobandikwa mbele ya jino, watu maarufu wanavipenda. Ni vizuri kama vimefanywa na daktari, ila jino linachongwa kidogo, pungufu ya milimita moja, na ukishachonga hakuna kurudi nyuma, vitakuja kubadilishwa baada ya miaka 10 au 15 na utakuwa unalipia maisha yako yote. Binti mmoja wa kwetu alibandikwa vya plastiki na mtu wa saluni kwa gundi, mwezi haujaisha fizi zimevimba, chakula kinaingia nyuma kinaozea humo, alipofika kwa daktari meno mawili yaliyokuwa mazima kabisa yameshatoboka. Alilia pale kwenye kiti mpaka dokta akamwachia nafasi amalize.

Nisisahau hili, mana bodaboda zinaangusha watu kila siku. Jino la mtu mzima, au la mtoto aliyeshaota meno ya ukubwani, likitoka zima kwa ajali usilitupe wala usilisugue. Lishike kwa juu, sehemu ile nyeupe, usiguse mzizi, lioshe haraka kwa maziwa au maji kidogo, lirudishe shimoni kama anaweza au litie kwenye maziwa mkimbie kwa daktari, ndani ya nusu saa ikiwezekana. Linaweza kushika tena. La utoto usilirudishe.

Turudi kwa shangazi. Mwishowe alikubali, tukapanda bajaji. Dokta, kijana tu, alianza na "shikamoo mama" kabla hajagusa kifaa, nadhani ndo kilichomlegeza. Kabla ya meno mapya alimsafisha ukoga mara mbili kwa wiki tofauti mpaka fizi zikaacha kutoa damu. Kisha akakoroga unga fulani na maji ukawa kama uji mzito wa pinki, akautia kwenye kitrei, akamwambia mama pumua kwa pua, inamisha kichwa mbele, dakika mbili tatu ukaganda ukatoka na alama za meno yake. Akamwekea kibao chenye vimeno vya rangi 16 karibu na mdomo pale dirishani, anachagua. Shangazi alinyoosha kidole kwenye cheupe kuliko vyote. Dokta akasema mama, hicho kikikaa na haya yako kila mtu atajua, akamshikia kioo ajionee. Akachagua cha njanonjano kidogo.

Safari iliyofuata meno yalikuwa yamepangwa kwenye nta ili ajaribu kabla hayajatengenezwa moja kwa moja, na hapo ndo pa kusema kila kitu, nta inasogea ila plastiki ikishaiva ni kazi. Alijitazama muda mrefu. Akasema haya ni mazuri lakini si yangu, mimi nilikuwa na mwanya. Dokta hakucheka, akapasha kisu, akasogeza meno mawili ya kati kama unene wa kucha, akamrudishia kioo. Shangazi akapitisha ulimi pale katikati, akapitisha tena.

Sasa anayavua usiku na kuyaweka kwenye bakuli la maji ya baridi, ya moto yanapindisha plastiki, anayasugua kwa brashi na sabuni, na wiki mbili za kwanza alikula wali na migebuka iliyochambuliwa miiba mpaka mdomo ulipozoea. Muwa ameacha. Chonge lake la chini kushoto lina tundu dogo ambalo hata halijaanza kuuma, na tumepangiwa kurudi Alhamisi lizibwe.